Barazani kwa Bibi Kurwa

Kinyozi akikwambia kuwa hujinyoa mwenyewe, usibishane naye. Zunguka nyuma umtazame kisogo. Mbele atakuwa safi, ndevu zimechongwa na panja zimenyooka, lakini huko nyuma ndiko utakakoona mambo. Si kwamba hajui kazi. Wembe anao, mkono wake ni mwepesi, na wateja wanamgombania. Ila Mwenyezi Mungu hakumpa mtu macho ya kisogoni. Ndiyo maana wakubwa wetu wakasema kinyozi hajinyoi, yaani hata fundi aliyebobea hufika mahali akahitaji mkono na jicho la mwenziwe. Bi Tahiya Ubwa aliijua methali hiyo tangu utotoni, tena aliiandika katika vitabu vyake mara mbili, lakini hakuwahi kudhani kwamba inamhusu yeye.

Bi Tahiya alikuwa fundi wa maneno. Mwaka 1997, akiwa na miaka ishirini na minane, alikuwa akiwapigia watu chapa barua na hati katika duka dogo mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Siku moja mwenye duka akaleta kompyuta kuukuu, na ndani ya boksi lake mlikuwa na kitabu cha kufundisha jinsi ya kuiamrisha mashine. Wenzake walikitumia kitabu kile kuzuilia mlango usipigwe na upepo. Yeye alikiokota, akakisoma kurasa zote mia tatu huku kamusi ya Kiingereza iko mapajani, kwa sababu kulikuwa na jambo moja aliloshindwa kulala nalo: mashine ikiambiwa neno, itajibu? Alilitafuta jibu kwa miezi minane, na mwezi wa tisa mashine ikajibu.

Ikajibu kwa mchezo. Haukuwa na picha wala muziki, ni maandishi matupu. "Upo mdomoni mwa pango. Ndani mna giza na sauti ya maji. Utafanya nini?" Mchezaji aliandika INGIA, au WASHA TAA, au KIMBIA, na mashine ikamsimulia yaliyompata kwa uamuzi wake. Watu walikuja dukani kuchapisha maombi ya kazi wakasahau hata kazi yenyewe. Mwanafunzi mmoja alikaa pale kutoka asubuhi hadi adhuhuri akitafuta njia ya kutoka pangoni, na mama yake alipomfuata na bakora akaishia kuvuta kiti, ati na yeye ajaribu kidogo. Mashine isipolijua neno uliloliandika, ilikuwa na jibu moja tu: "Sijafahamu." Walioitukana, na walikuwapo, waliambiwa vilevile, "Sijafahamu." Basi mtaa mzima ukamwita mtungaji wake Bi Sijafahamu, na jina likamganda.

Aliandika michezo minne: wa mapango, wa visima, wa msitu, na wa kisiwa kisichokaliwa na mtu. Kisha ikaja michezo ya picha, ya magari yanayokimbia na watu wanaorushiana ngumi, na maandishi yakatupwa jalalani. Bi Tahiya hakulia, au tuseme hakulia mbele za watu. Aligeukia vitabu vya watoto, akaandika tisa, na watoto wakavipenda.

Lakini, jamani, alikuwa na kiburi! Kile cha matusi na makelele hakikuwa chake. Chake kilikuwa cha kimya, cha fundi asiyetaka kazi yake iguswe. Mhariri wake, kijana wa Vuga aitwaye Tahir, akiondoa hata mkato mmoja alirejeshewa na barua. Katika kitabu cha tatu, paka aliyezama baharini sura ya pili alionekana sura ya sita akinywa maziwa jikoni. Tahir alikuwa amelisema hilo mapema, naye akajibiwa kuwa Bi Tahiya anawajua paka wake mwenyewe. Kitabu kikachapwa hivyo hivyo, na mpaka leo watoto wa skuli humuuliza habari za yule paka, naye hubadilisha mazungumzo.

Basi yakaja masika ya mwaka juzi. Mvua ilinyesha siku kumi mfululizo, na nyumba ya Bibi Kurwa kule Kiponda ikaanguka. Bibi Kurwa ndiye nyanya aliyewalea Tahiya na kaka yake Masoud, na alikuwa ameshafariki zamani. Wapangaji nao walikuwa wameshahamishwa, kwa hiyo, alhamdulillahi, hakuumia mtu. Asubuhi Bi Tahiya alisimama uchochoroni akitazama lundo la mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, asijue hata ngazi ilikuwa upande gani. Simu yake ikalia, naye alikuwa ni Masoud.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Tahiya. Nasikia nyumba imekaa chini."

"Imekaa. Haikubaki kitu."

Masoud alikuwa akiishi Jambiani kwa mkewe tangu maradhi ya sukari yalipompofua macho miaka mitano nyuma. Akasema, "Mimi bado naiona. Ajabu, eti? Nyinyi wenye macho mnaona mawe, mimi naona nyumba. Lakini inaanza kunitoka. Jana nimehesabu vyumba vya juu nikapata vitatu. Si vilikuwa vinne?"

"Vilikuwa vinne."

"Basi umeona. Natamani niingie tena mara moja, kabla haijanitoka yote."

Bi Tahiya alimjibu bila ya kufikiri mara mbili: "Utaingia, inshaallah. Nitaijenga mimi."

Hakuwa na mawe, lakini maneno alikuwa nayo. Akafufua kazi yake ya zamani na kuandika mchezo wa tano, na safari hii haukuwa wa pango wala wa msitu, ila nyumba ya Bibi Kurwa kama ilivyokuwa, tangu baraza ya nje na mlango wa msaji hadi roshani ya juu inayotazama uchochoro. Mchezaji angeweza kupanda ngazi, kufungua makabati, kunusa karafuu zilizoanikwa na kutazama dirishani. Simu za siku hizi husoma maandishi kwa sauti na kuandika linalosemwa, kwa hiyo asiyeona naye angecheza kwa masikio na ulimi. Miaka miwili aliandika peke yake, mlango wa chumba umefungwa. Alipomaliza, aliucheza mwenyewe mara saba tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kilifunguka, na kila ngazi ilimpeleka alikotaka kwenda. Akamtumia Masoud, na pamoja naye akawatumia jamaa na marafiki arobaini, akangoja.

Programu ilimwonesha kila mchezaji amefika chumba gani. Maneno waliyoyasema hakutaka yamfikie. Aliona ni sawa na kutega sikio ukutani. Juma la kwanza lilipokwisha akafungua orodha. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameanza mchezo, na wote arobaini na mmoja walikuwa wamekomea barazani, nje ya mlango. Hakuna hata mmoja aliyetia mguu ndani.

Lo! Bi Tahiya alipangusa miwani akatazama tena. Huenda programu imeharibika? Akaufungua mchezo, akafika barazani, akasema INGIA. Mlango ukafunguka, akawa ukumbini. Akatoka akaingia tena, na tena. Mlango ulikuwa mzima kabisa.

Mwanzo aliona hasira, lakini hasira haikudumu. Alikuwa na maradhi mengine ya tangu ujana: kitu asichokielewa humwasha mpaka akijue. Watu arobaini na mmoja, wenye umri mbalimbali, wa mjini na wa shamba, wanawezaje wote kusimama mahali pamoja kama waliopigwa breki? Mlango wenyewe ameuandika vizuri: "Upo barazani kwa Bibi Kurwa. Mbele yako pana mlango mkubwa wa msaji. Umerudishwa tu, haukufungwa." Ni kipi hapo cha kumzuia mtu?

Akaanza kuuliza. Alimpigia Bi Nusrat, mwalimu mstaafu wa Kiwengwa.

"Mchezo? Mashaallah, mzuri mno, Bi Tahiya! Mkono wako ule ule. Ila nlikuwa na shughuli ya arusi, ndio maana sikuendelea."

Wa pili alimsifu mpaka akaona haya, kisha akasema ana mafua. Wa tatu alikuwa na mgeni. Wa nne alikuwa Shaame, Mtumbatu mfanyabiashara wa dagaa, mtu mzito wa maneno, naye alimjibu jawabu lililomshinda maana.

"Nimefika, Bi Tahiya. Lakini wenyewe hawakuwapo. Nitapita tena siku nyingine, inshaallah."

"Wenyewe gani, Shaame? Ni mchezo wa simu!"

"Naam, najua. Basi hawakuwapo. Wasalimie."

Bi Tahiya aliweka simu chini akidhani mzee Shaame ameanza kuzeeka. Watu wetu, ukitaka kujua ubaya wa kazi yako, usiwaulize. Watakusifu mpaka uanguke shimoni, kisha wakuletee pole na chapati. Mwisho, kwa shingo upande, alimpigia Tahir mhariri, ambaye hakupewa mchezo kwa makusudi, asije akaanza mambo yake ya mikato.

Tahir alimsikiliza, kisha akacheka kwa upole. "Bi Tahiya, kosa hilo huwezi kuliona wewe. Mkalishe mtu acheze, wewe kaa nyuma yake ufunge mdomo. Usimwambie lolote, tazama tu. Kinyozi hajinyoi, bibi."

"Kinyozi wa mtaani kwenu labda! Nimeanza kazi hii wewe ukiwa bado unafungwa vifungo vya shati. Nikae kimya nitazame mtu anavyokosea mlango niliouandika mimi?"

"Ndiyo, ukae kimya."

"Wassalaam," alisema Bi Tahiya, akakata simu.

Siku tatu hazikupita Masoud akapiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa changamfu kupita kiasi.

"Tahiya, nshaingia! Nimeona kila kitu, Mungu akulipe kheri. Nyumba ile ile. Usijisumbue tena na chochote."

Bi Tahiya aliruka kwa furaha. Kumbe mlango unaingilika! "Alhamdulillahi! Vyumba vya juu umevikuta vinne?"

"Vinne, vyote."

"Na kule roshanini, ulipotazama chini uliona nini?"

"Niliona... uchochoro."

"Uchochoroni kulikuwa na nani?"

"Watu, Tahiya. Watu wa kawaida."

Roshanini Bi Tahiya alikuwa ameandika jambo ambalo Masoud asingeweza kulisahau: chini ya roshani ni Masoud mwenyewe, mtoto wa miaka saba, anafundishwa baiskeli na marehemu baba yao. Alikata simu, akafungua orodha. Jina la kaka yake lilikuwa pale pale, barazani. Tena akaona jambo ambalo hakuliona kabla. Masoud hakujaribu mara moja akaacha kama wengine. Alikuwa amekuja siku kumi na mbili mfululizo, kila siku mara moja baada ya sala ya alasiri, akasimama nje ya mlango dakika chache, akaondoka.

Hapo Bi Tahiya alilia, na safari hii hakujali nani anamwona. Kaka yake amesimama mlangoni kwao siku kumi na mbili na hakuingia, kisha amemdanganya ili asimvunje moyo. Kesho yake asubuhi akatia kompyuta mkobani akenda Jambiani.

Alimkuta wifi yake, Kazija, uani, amekunjua miguu juu ya jamvi, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Maji yalikuwa yamejaa na kina mama wote wamerudi kutoka pwani. Kazija alikuwa mwanamke wa Jambiani asiyejua kupaka maneno sukari. Akiona kidonda hukuambia ni kidonda. Masoud alikuwa ameketi kando yake kwenye baraza ya saruji, kandambili miguuni, na aliposikia hatua alijua ni nani.

"Kaka, kwa nini umeniambia umeingia?" Bi Tahiya aliuliza hata kabla hajamaliza kuamkia.

Masoud aliinamisha uso. "Miaka miwili umekaa na kazi ile kwa ajili yangu. Ningekwambia nini?"

"Angekwambia kweli!" Kazija alidakia. "Wifi, kaka yako hajaingia popote. Kila alasiri anakaa hapo na simu yake mdomo wazi kama mwenye kungoja sadaka. Mie nishamwambia akwambie, hataki. Ati utaumia. Sasa si umeumia vilevile?"

"Watu arobaini na mmoja, na hakuna aliyeingia! Mlango haukufungwa, kaka! Umerudishwa tu. Wewe sema IN..."

"Nyamaza!" Kazija alinyanyua mkono wenye harufu ya bahari. "Na wale wengine, utawafuata majumbani mwao mmoja mmoja ukawafundishe la kusema? Keti hapa. Shika kamba hii, funga mbegu, kila moja mbali na mwenziwe shubiri moja. Na mdomo wako ukae na kazi ya kupumua."

Hakuna aliyewahi kusema na Bi Tahiya hivyo tangu Bibi Kurwa alipofariki. Alifunua mdomo ajibu, akakumbuka maneno ya Tahir, akaona kuwa watu wawili wasiojuana wanamwambia jambo moja. Na zaidi ya hayo, alitaka kujua. Wallahi, alitaka kujua kuliko alivyotaka kushinda. Akaketi, akashika kamba.

Masoud akawasha simu. Sauti ya kike ya simu ikasoma, "Upo barazani kwa Bibi Kurwa. Mbele yako pana mlango mkubwa wa msaji. Umerudishwa tu, haukufungwa."

Masoud alijiweka sawa, akakohoa kidogo, akasema, "Hodi!"

"Sijafahamu," ilijibu simu.

Vidole vya Bi Tahiya vilisimama juu ya kamba. Masoud alingoja kidogo, kwa utulivu wa mtu aliyelelewa.

"Hodi!"

"Sijafahamu."

Akangoja tena, safari hii zaidi, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza nyayo za mtu anayekuja kufungua.

"Hodi, wenyewe!"

"Sijafahamu."

Masoud akazima simu, akaiweka mapajani.

"Mbona umeacha?" Bi Tahiya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimepiga hodi mara tatu, Tahiya. Usipoitikiwa mara tatu, muungwana anarudi. Ndivyo tulivyofundishwa. Kesho nitapita tena."

"Lakini pale ni kwenu!"

"Hata kama ni kwetu. Mwanamume haingii tu kama upepo. Nitajuaje ndani mna mgeni gani wa kike, kajifunika au hakujifunika? Bibi Kurwa angenitoa kwa ufagio, na umri wangu huu."

Bi Tahiya aliiacha kamba ikaanguka. Sasa aliyaona yote, tena aliyaona waziwazi hata akaona haya kwamba hakuyaona kabla. Bi Nusrat na arusi yake, yule wa mafua, yule wa mgeni, na Shaame ambaye wala hakuzeeka, aliyemwambia kweli tupu kwamba wenyewe hawakuwapo: watu arobaini na mmoja wastaarabu wamefika mlangoni, wamepiga hodi mara tatu kama walivyolelewa, wamejibiwa upuuzi, na wameondoka kwa adabu zao bila ya kulalamika. Kule kwenye mapango na visima hakukuwa na wa kumpigia hodi, ndiyo maana kosa hilo halikuwahi kumtokea. Na yeye mwenyewe? Yeye alikuwa mtoto wa kike wa nyumba ile. Alitoka na kuingia mara thelathini kwa siku akikimbia, na hakupata hata siku moja kusimama nje akaomba ruhusa. Angeujaribu mlango ule mara saba au mara mia saba, neno hodi lisingemjia ulimini.

Alicheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena. "Miaka miwili nimewajengea nyumba," alisema, "halafu nimewaacha watu nje kama wezi. Nisameheni."

"Tushakusamehe, funga mwani," alisema Kazija. "Au fungua hiyo mashine yako utengeneze."

Bi Tahiya akafungua kompyuta, akaweka vidole tayari, kisha akakwama. Mtu akipiga hodi, nyumba imjibu nini? Angeweza kuandika "karibu" na mambo yakaisha, lakini hiyo ingekuwa nyumba ya mtu yeyote. Yeye alimsikia Bibi Kurwa siku zote akiwa upande wa ndani, katikati ya vyungu na kelele za jikoni, na maneno aliyokuwa akiwaambia walioko mlangoni hayakumkaa. Hilo halimo kichwani mwake, na hata angekaa nalo chumbani miaka mingine miwili asingelipata.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote, akamgeukia mtu mwingine akauliza, "Kaka, niandike nini hapa?"

Uso wa Masoud ulifunguka. "Bibi hakusema karibu hata siku moja! Kwanza aliuliza, 'Nani huyo?' Ukijitaja, anasema, 'Pita, lakini usinikanyagie mchele.' Maana alikuwa akipepeta pale pale ukumbini, mlango ukifunguliwa tu unakutana na ungo."

"Hata siku mchele haupo alisema hivyo," Kazija aliongeza. "Siku niliyopelekwa bi arusi, nimefunikwa gubigubi sioni mbele, nikasikia 'usinikanyagie mchele.' Nikasimama mguu mmoja juu kama ndege koikoi, mpaka shangazi akaniuliza nimeingiwa na nini. Mchele wenyewe haukuwapo! Andika na hilo, wifi."

"Alisema 'usinikanyagie' au 'msinikanyagie'?" Bi Tahiya aliuliza huku akiandika.

"Mkiwa wengi, 'msi'," alisema Masoud.

"Uongo, siku zote alisema 'usi'. Hata tukiwa kumi," Kazija alimkatalia.

Wakabishana, na Bi Tahiya akaandika. Mwanzo vidole vyake vilikuwa vizito kufuata maneno ya mwingine, lakini kila alipoandika lao moja nyumba ilizidi kuwa nyumba. Alasiri ilipoingia waliswali, na baada ya sala Masoud akaketi mahali pake pa kila siku, akaishika simu kwa mikono miwili. Kazija aliacha mwani. Bi Tahiya alijua kwamba ikikataa tena, kaka yake hatarudi siku ya kumi na nne. Angemdanganya vizuri zaidi tu, na nyumba ingemtoka chumba baada ya chumba.

"Hodi!" alisema Masoud.

Simu ikasoma, "Nani huyo?"

Masoud alishtuka kama aliyeguswa begani. "Masoud, Bibi."

"Pita, lakini usinikanyagie mchele."

Sauti ilikuwa ile ile ya simu, wala haikufanana na ya Bibi Kurwa hata kidogo. Lakini Masoud aliinama, akapapasa miguuni, akavua kandambili zake moja baada ya nyingine, akazipanga ukutani. Kisha, miguu mitupu juu ya saruji, akasema polepole, "Ninaingia."

"Upo ukumbini," ilisoma simu. "Kuna ubaridi na harufu ya karafuu. Bibi Kurwa amekaa juu ya mkeka na ungo wake. Ameinua uso anakutazama."

Machozi yalimteremka Masoud hadi kidevuni na hakuyafuta. Akajikusanya, akasema kwa heshima zake zote, "Shikamoo, Bibi."

"Sijafahamu," ilijibu simu.

Kazija aliangua kicheko kikubwa mpaka kuku wakatawanyika. Masoud akageuka haraka upande alikojua yupo dada yake. "Si neno, Tahiya, si neno! Huenda nimesema vibaya mimi. Ni nzuri mashaallah, nzuri sana..."

"Hukusema vibaya," Bi Tahiya alimkata, naye akicheka na kulia pamoja. "Umesema kama alivyokulea. Ni mimi niliyesahau, bibi yangu mzaa mama nimemsahaulia shikamoo yake! Usinisifu, kaka. Usinionee haya tena. Endelea mbele, na kila mahali panapokataa paseme, hata yakiwa mia."

Akavuta kompyuta karibu na magoti yake, akawageuzia mgongo wote wawili kama anayempa kinyozi kisogo chake, akaandika waliyomwambia. Kwani kinyozi, hata awe hodari namna gani, hajinyoi.